Uhusiano wa Umma kwa Biashara Ndogo katika Kata ya Ruhembe

Uhusiano wa umma kwa biashara ndogo ni kazi ya kujenga na kulinda imani ya watu wanaoizunguka biashara: wateja, majirani, wanaoikopesha, viongozi wa kijiji, hata wale wasionunua chochote lakini maneno yao husikilizwa. Tangazo hutafuta mauzo ya leo. Uhusiano wa umma huandaa mazingira ambayo mtu atanunua leo, atarudi kesho na atakutetea siku usipokuwepo. Makampuni makubwa huajiri maofisa uhusiano kwa kazi hii. Mwenye genge au duka la rejareja huifanya mwenyewe, mara nyingi bila kujua kwamba anaifanya.

Ruhembe ni kata ya wilaya ya Kilosa, mkoa wa Morogoro, kwenye ukanda wa miwa ulio kusini mwa mji mdogo wa Mikumi, upande wa kaskazini wa mto Ruaha Mkuu. Uchumi wake hautenganishwi na sukari. Kiwanda cha Ruembe, kinachoitwa pia K2, kilifunguliwa mwaka 1976, miaka 14 baada ya kile cha kwanza cha Msolwa kilichoko ng'ambo ya mto. Vyote ni vya Kampuni ya Sukari Kilombero, ambayo serikali iliibinafsisha mwaka 1998 kwa kuuza hisa nyingi kwa Illovo ya Afrika Kusini na kubaki na asilimia 25. Kando ya mashamba ya kampuni kuna maelfu ya wakulima wa nje wanaopeleka miwa yao kiwandani, na fedha zao ndizo zinazozunguka madukani, kwa mama lishe, kwa mafundi na kwa waendesha bodaboda.

Sera ya Maendeleo ya Viwanda Vidogo na Biashara Ndogo ya mwaka 2003 inaihesabu biashara yenye watu wasiozidi wanne na mtaji usiozidi shilingi milioni 5 kuwa biashara ndogo sana. Biashara nyingi za vijijini zimo katika kundi hilo. Hazina bajeti ya matangazo, na ushauri mwingi ulioandikwa kwa ajili ya kampuni za mijini hauzifai.

Jambo la kwanza la kuelewa ni msimu. Kiwanda husaga miwa kuanzia katikati ya mwaka na hufungwa wakati wa masika, malori yasipoweza kuingia mashambani. Msimu ukiwa wazi, fedha zipo. Kiwanda kikifungwa, watu hununua kwa mkopo, na hapo ndipo jina la mfanyabiashara hujengwa au huharibika. Daftari la madeni ndicho chombo chake kikuu cha uhusiano wa umma. Deni liandikwe mbele ya mteja, bei isomwe kwa sauti, na mteja apewe nakala au ujumbe wa simu wenye kiasi kilekile. Malipo ya miwa yakitoka, deni lidaiwe faraghani. Kubandika majina ya wadaiwa ukutani ni desturi mbaya, na inafaa iachwe kabisa: humtia aibu mmoja na kuwatisha kumi ambao wangekopa na kulipa. Isitoshe, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa za mtu zitumike kwa lengo lililofanya zikusanywe.

Mkulima wa miwa naye ni mfanyabiashara mdogo, ingawa mara chache huhesabiwa hivyo. Shamba huchomwa moto kabla ya kukatwa ili kuondoa majani, na miwa iliyoungua hupoteza sukari kila siku inayolala bila kusagwa. Moto ukivuka mpaka, jirani hulazimika kuvuna kabla ya zamu yake na huenda akapata hasara. Kwa hiyo kumpa jirani taarifa mapema, kusafisha njia ya kuzuia moto pamoja naye na kumwita siku ya kuchoma ni uhusiano wa umma kwa maana yake halisi, hata kama hakuna anayeuita hivyo.

Vyama vya wakulima ni sehemu ya habari hii. Ruhembe kilikuwepo chama cha wakulima wa miwa cha upande huo wa mto, na baadaye wakulima wa bonde hilo walijipanga katika vyama vya ushirika wa mazao na masoko (AMCOS). Mkulima hulipwa kwa uzito wa miwa na kiwango cha sukrosi. Uzito husomwa kwenye mizani ya kiwanda na sukrosi hupimwa maabara, mambo ambayo mkulima hayaoni akiwa shambani kwake. Kisichoonekana huzaa shaka. Chama kinachosoma vipimo hadharani, kinachoeleza kila makato na kinachojibu maswali kwenye mkutano bila hasira hupata utulivu ambao hakuna bango linaloweza kuununua. Kinachokaa kimya huwaachia uvumi kazi hiyo.

Njia za kuwafikia watu ni nyingi, na zilizo bora hapa ni za bei ndogo. Kwa mujibu wa sheria, mkutano mkuu wa kijiji hufanyika angalau kila miezi mitatu, na mwenye mashine ya kusaga anayetaka kueleza kwa nini bei imepanda hatapata jukwaa bora kuliko hilo. Msiba una uzito wake: duka linalofungwa kwa saa chache ili mwenyewe akazike hukumbukwa. Gari la matangazo lenye spika, redio za Morogoro kama Abood FM na makundi ya WhatsApp husaidia, lakini huvuma tu pale ambapo jina tayari ni safi.

Mikumi ni tofauti. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, na barabara kuu ya kwenda Mbeya na Zambia inaipasua. Mteja wa mjini hapo huenda asirudi kamwe, lakini dereva na kondakta waliomleta watarudi kesho. Mwenye hoteli au nyumba ya wageni hana budi kuwatendea haki hao kwanza.

Bidhaa inayotoka nje ya kijiji, kwa mfano asali au unga uliofungashwa, huhitaji ushahidi wa ubora. Shirika la viwanda vidogo, SIDO, lililoanzishwa mwaka 1973, husaidia wazalishaji wadogo kufikia alama ya TBS, shirika la viwango ambalo tangu 2019 ndilo linalosajili pia vyakula.

Yapo pia majanga. Mwaka 1906 nchini Marekani, baada ya treni kutumbukia majini karibu na Atlantic City, mshauri wa uhusiano wa umma Ivy Lee aliishauri kampuni ya reli itoe maelezo yake kwa magazeti kabla uvumi haujaenea. Mama lishe ambaye wateja wake wameumwa tumbo afanye vivyo hivyo: asimamishe biashara, amwite bwana afya, aseme kilichotokea na alichobadilisha. Kujificha siku tatu humgharimu zaidi ya kufunga siku tatu.

Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa Ruhembe methali hiyo haitoshi, kwa kuwa kizuri kisichoelezwa hushindwa na uvumi. Hapa halmashauri inaweza kusaidia, kwani hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Maofisa maendeleo ya jamii wa Kilosa wanaombwa waongeze katika mafunzo ya vikundi hivyo somo la kutunza daftari na kuzungumza na wateja, na walitoe kabla kiwanda hakijafungwa kwa masika.