Surua na Vijiji vya Nyeri

Mkikuyu wa zamani hakuishi kijijini. Kila mji ulikaa peke yake juu ya mgongo wa kilima, nyumba chache zikizungukwa na mashamba, na mto bondeni ukiutenga na majirani wa ng'ambo. Kwa surua, makazi ya namna hiyo yalikuwa kikwazo. Virusi vyake havina mnyama wa kujificha ndani yake. Vinaishi kwa kuhama kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine, na vikikosa asiyewahi kuugua, vinakwisha. Lakini penye umati ambao haujachanjwa, mgonjwa mmoja huambukiza watu 12 hadi 18, na hata akitoka chumbani hewa yake hubaki na virusi kwa muda unaofika saa mbili.

Karne ya 20 ilikuja na mikusanyiko. Wamisionari wa Consolata walifika Nyeri mwaka 1903, Waskoti wakaanza kituo cha Tumutumu mwaka 1908, na kufikia mwaka 1930 reli ilikuwa imefika Nanyuki. Misheni zilileta dawa. Zilileta pia madarasa, watoto wa vilima mbalimbali wakabanana benchi moja.

Mkusanyiko mkubwa kuliko yote haukuwa wa hiari. Juni 1954, katikati ya vita vya Mau Mau, serikali ya kikoloni iliamuru Wakikuyu, Waembu na Wameru wahamishiwe vijijini. Katika muda usiozidi mwaka mmoja na nusu, zaidi ya watu milioni moja walikuwa wamesongamanishwa katika vijiji 854. Nyumba zao za zamani zilichomwa moto. Wanawake walijenga vibanda vipya haraka haraka, wakachimba handaki kuzunguka kijiji na kusimika miti iliyochongwa ncha ndani yake. Palipotangazwa adhabu ya kafyu, mama aliruhusiwa kutoka kwa saa moja au mbili tu kwa siku, na katika muda huo achote maji, atafute kuni na achimbe viazi.

Mtaalamu wa takwimu za watu John Blacker alikadiria mwaka 2007 kwamba miaka ile ilichukua roho za Waafrika wapatao 50,000 zaidi ya vifo vya kawaida, na karibu nusu walikuwa watoto wa chini ya miaka kumi. Njaa na maradhi ya kuambukiza yalikuwa yamepata uwanja.

Kwa nini msongamano uue hivyo? Utafiti wa surua uliofanyika Machakos miaka ya 1970 ulitoa jibu. Mtoto aliyeambukizwa nyumbani na nduguye aliugua vibaya zaidi kuliko yule aliyeuleta ugonjwa kutoka nje, kwani alivuta virusi usiku na mchana. Homa na makamasi hutangulia, macho yakawa mekundu, kisha vipele huanzia nyuma ya masikio na kushuka mwilini. Kinachoua hasa ni kinachofuata: nimonia, kuhara, wakati mwingine uvimbe wa ubongo. Mtoto mwenye utapiamlo, aliyepungukiwa na vitamini A, huweza kupata vidonda vya macho na kupofuka. Na aliyepona hubaki na kinga iliyosahau magonjwa mengine, akawa rahisi kuugua tena kwa miezi mingi.

Mwaka uleule wa 1954, huko Boston, John Enders na Thomas Peebles walivipata virusi vya surua kutoka kwa mwanafunzi wa shule ya bweni. Chanjo ikaidhinishwa Marekani mwaka 1963. Kenya ilianzisha mpango wake wa taifa wa chanjo mwaka 1980, sindano ya surua ikitolewa mtoto anapofikisha miezi tisa. Umri huo ulikubalika duniani kwa sehemu kutokana na uchunguzi uliofanywa kwa watoto wa Kenya: mapema mno, kinga ya mama huidhoofisha chanjo, ukichelewa, surua inakutangulia.

Dozi ya pili, ya miezi 18, iliongezwa mwaka 2013, nayo ndiyo inayosahaulika, kwa kuwa mtoto keshatembea na mama haoni sababu ya kurudi kliniki. Julai 2025 serikali ilifanya kampeni ya nchi nzima kuwafikia watoto wa kati ya miezi 9 na 59. Shule za bweni, mitaa ya Majengo na matatu za Karatina zinasonga watoto siku hizi bila amri ya mtu. Ili surua isienee, watoto 95 katika kila 100 wanahitaji dozi zote mbili.