Karatasi ya Kanuni Tisa: Historia Fupi ya Kwaya Yetu



Kamati ya Yubile ilipotuagiza tuandike historia ya kwaya, tulifungua sanduku la kumbukumbu lililoko ofisini mwa kanisa. Tulipata madaftari ya mahudhurio, risiti za vitambaa vya sare, picha zilizoanza kufifia, na chini kabisa karatasi moja ya mistari iliyokunjwa mara nne. Juu yake mwalimu wetu wa kwanza aliandika kanuni tisa kwa kalamu ya buluu. Tungeweza kusimulia miaka hii 25 kwa nyimbo tulizoimba au safari tulizokwenda. Tumeonelea tuisimulie kwa karatasi hiyo, kwa maana mengi yaliyotujenga, na jambo moja lililotuumiza sana, yalitokana nayo.

Kabla ya kanuni

Tulianza tukiwa watu 11. Hakuna aliyetuchagua. Tulibaki kanisani baada ya ibada, tukaimba, tukapendezwa, tukakubaliana kukutana tena. Kwa mwaka mzima tuliongozwa na nia njema tu. Aliyeweza alikuja, aliyechelewa alikaribishwa, na aliyejua wimbo ndiye aliyeanzisha. Tulidhani kwamba kuishi hivyo ndiko kuishi Kikristo.

Kisha ikafika Jumapili ya Mavuno. Kanisa lilijaa, wageni walikuwepo, nasi tukasimama mbele. Soprano wakaanzisha wimbo mmoja, teno wakaanzisha mwingine. Tulinyamaza, tukatazamana, tukaanza upya, na mara hii wimbo ukashikwa juu mno hata hakuna aliyeweza kuufikisha mwisho. Watoto wa shule ya Jumapili walicheka. Wazee waliinamisha vichwa. Jumamosi iliyofuata mwalimu alikuja na ile karatasi.

Kanuni zenyewe hazikuwa ngumu. Mazoezi ni Jumamosi saa tisa alasiri. Anayefika baada ya saa tisa atoe faini ya shilingi 20, na ifikapo saa tisa na robo mlango ufungwe. Anayekosa mazoezi mawili mfululizo asiimbe Jumapili. Fedha zihesabiwe na watu wawili na kuandikwa siku hiyo hiyo. Sare ni mali ya kwaya. Mtu asibadilishe wimbo kwa mapenzi yake mwenyewe. Na nyingine kama hizo.

Baadhi yetu tulinung'unika. Tulisema, tumeokolewa kwa neema, mbona tunarudishwa chini ya sheria? Mwalimu hakubishana nasi. Alifungua Biblia.

Daudi na Sanduku la Agano

Alitusomea kitabu cha kwanza cha Mambo ya Nyakati, mlango wa 13. Mfalme Daudi anataka kulileta Sanduku la Agano. Watu wamekusanyika, nia ni njema, furaha ni kubwa. Sanduku limewekwa juu ya gari jipya linalokokotwa na ng'ombe. Daudi na Israeli wote wanaimba na kucheza kwa nguvu zao zote, kwa vinubi, matari na tarumbeta. Ng'ombe wanajikwaa, Uza ananyosha mkono kulishika Sanduku, anakufa. Shangwe inageuka kuwa msiba, na safari inakatizwa.

Mwalimu akatuuliza, siku hiyo walipungukiwa na nini? Nyimbo zilikuwepo. Vyombo vilikuwepo. Moyo ulikuwepo. Akatufunulia mlango wa 15. Daudi mwenyewe anakiri kwamba mara ya kwanza hawakumtafuta Mungu kama ilivyoagizwa. Mara ya pili Walawi wanalibeba Sanduku mabegani kwa miti yake, kama Musa alivyoamuru. Na katika mlango huo huo waimbaji wanapangwa: Hemani, Asafu na Ethani wanapewa matoazi ya shaba, na Kenania anawekwa juu ya uimbaji kwa kuwa alikuwa na ujuzi. Ukiendelea hadi mlango wa 25 utakuta hesabu ya waimbaji waliofundishwa: 288.

Tulijifunza siku hiyo kwamba nia njema haitoshi. Gari lilikuwa jipya, lakini halikuwa limeagizwa. Tukaitia sahihi ile karatasi, wote 11.

Urithi tuliopewa

Baadaye tulipojifunza historia ya Kanisa letu la Methodist, tuligundua kwamba mzozo wetu ulikuwa wa zamani. John Wesley na wenzake walipokuwa Oxford walifunga kwa siku maalumu, walisali kwa saa zilizopangwa na kuwatembelea wafungwa kwa ratiba. Wanafunzi wengine waliwadhihaki kwa kuwaita Methodist, yaani watu wa utaratibu. Jina tunalojivunia leo lilianza kama kejeli dhidi ya watu wanaofuata kanuni.

Lakini kanuni hizo hazikumpa Wesley amani. Alikuwa tayari ni kasisi, alikuwa ameshavuka bahari kwenda Marekani kuhubiri, na bado moyo wake haukutulia. Amani aliipata jioni ya tarehe 24 Mei 1738, katika mkutano mdogo kwenye mtaa wa Aldersgate, London, alipoelewa kwamba Kristo amemwondolea dhambi zake, yeye binafsi.

Mtu angetarajia kwamba baada ya hapo angezitupa kanuni. Hakuzitupa. Miaka mitano baadaye, mwaka 1743, aliwaandikia watu wake Kanuni za Jumla, nazo ni tatu: msitende mabaya, tendeni mema, na mzishike njia ambazo Mungu hutupatia neema, kama vile ibada, sala, Neno, Meza ya Bwana na kufunga. Mpangilio wa miaka hiyo unatufundisha jambo. Neema ilikuja kwanza, kanuni zikafuata. Hazikuandikwa ili watu waokolewe kwazo. Ziliandikwa ili waliookolewa waweze kutembea pamoja bila kupotezana njiani.

Hata uimbaji aliuwekea kanuni. Mwaka 1761 alichapisha maelekezo saba ya kuimba. Aliwataka watu wajifunze tuni vizuri na waziimbe kama zilivyo, waimbe wote, waimbe kwa nguvu kama watu walio macho, wasipige kelele ili sauti zao zisikike kuliko za wenzao, na wasikimbie mbele wala kubaki nyuma ya wengine. La mwisho, ambalo alilipa uzito kuliko yote, ni kwamba kila neno liimbwe kwa kumtazama Mungu. Urithi huo ulifika nchini mwetu mwaka 1862 Thomas Wakefield alipokuja Ribe, karibu na Mombasa, na ukafika Meru mwaka 1912. Sisi ni wajukuu wake.

Mwaka wa tisa

Kwa miaka minane karatasi ilitulea. Mwenyekiti wetu aliwahi kufika saa tisa na dakika tano, akatoa shilingi 20 mbele ya wote na kuomba radhi. Tangu siku hiyo hakuna aliyesema kwamba kanuni ni za wadogo. Tulikua hadi watu 43. Tulijifunza kusoma solfa. Hatukupoteza hata shilingi moja ya sare.

Katika mwaka wa tisa, mama mmoja wa alto alianza kuchelewa. Jumamosi ya kwanza alikuta mlango umefungwa. Ya pili vivyo hivyo. Kwa kanuni yetu, alikuwa amekosa mazoezi mawili. Tukamwandikia barua fupi ya kumjulisha kwamba hataimba katika ibada ya Krismasi. Barua hiyo iliandikwa vizuri, ikataja kanuni kwa namba yake na kutiwa sahihi na viongozi watatu. Hakujibu. Siku chache baadaye alileta sare yake kwa katibu, imefuliwa, imepigwa pasi na kukunjwa. Tulisema, ameshindwa na nidhamu.

Baada ya wiki tatu lilisomwa tangazo kanisani kwamba mama yake mzazi amelala katika Bwana, na kwaya inaombwa kuimba kwenye mazishi. Tuliimba. Katika kusomwa kwa historia ya marehemu ndipo tuliposikia kwamba miezi yote ile binti yake ndiye aliyekuwa akimwogesha, akimlisha na kumpeleka hospitalini, na kwamba Jumamosi alikuwa akimsubiri dada yake afike kumpokea zamu ndipo apande matatu kuja mazoezini. Alikuwa akifika saa tisa na nusu. Alikuwa akisimama nje ya mlango uliofungwa, anatusikiliza kidogo, kisha anarudi nyumbani.

Tulikuwa tumefuata kila neno la kanuni, na tulikuwa tumemkosea ndugu yetu. Si karatasi iliyomkosea. Ni sisi, kwa sababu hakuna hata mmoja kati ya watu 43 aliyekwenda kumwuliza kulikoni.

Miezi bila kanuni

Kamati ilikutana kwa uchungu. Wengi tulitaka karatasi ichanwe. Haikuchanwa, ila iliwekwa kando, na kwa miezi minne tukarudi kuishi kama mwanzo: kila mtu aje anapoweza.

Hatukutazamia kilichotokea. Wenye nguvu hawakuumia. Waliojua kusoma solfa waliweza kuja dakika ya mwisho na kuimba. Walioumia ni wanyonge. Mzee mmoja wa besi, aliyetembea mwendo mrefu na kufika saa tisa kamili kama kawaida yake, alikaa peke yake kwenye benchi hadi saa kumi na nusu. Vijana wapya waliohitaji kurudiarudia wimbo hawakupata nafasi hiyo, wakaona aibu, wakaacha kuja. Kufikia Pasaka tulikuwa tumebaki 26. Tulielewa kwamba kanuni ile ya saa tisa ilikuwa ikimlinda yule mzee, kama vile kanuni ya watu wawili kuhesabu fedha inavyomlinda mweka hazina asishukiwe bure.

Kwa hiyo tulikuwa tumekosea mara mbili. Mara ya kwanza tulishika kanuni bila upendo. Mara ya pili tulidai kuwa na upendo bila kanuni. Zote mbili ziliwafukuza watu.

Kanuni ya kumi

Mchungaji wetu wa wakati huo ndiye aliyetukumbusha habari ya Bristol. Mwaka 1742 jamii ya Wesley huko ilikuwa na deni la jengo la mikutano. Mmoja wao alishauri kila mtu atoe peni moja kwa wiki. Wengine wakasema maskini hawataweza. Akajibu kwamba apangiwe watu 11 ambao yeye atawatembelea kila wiki, na asiye na peni atamtolea mwenyewe. Hivyo ndivyo vilivyoanza vile vikundi vidogo vya Wamethodisti. Viongozi walikwenda nyumba hadi nyumba kukusanya peni, na walipofika waliona hali za watu: nani ni mgonjwa, nani amekata tamaa, nani ameanguka. Kanuni ya fedha ikawa kanuni ya kutembeleana.

Tukarudisha karatasi, kanuni zote tisa, bila kupunguza hata moja. Kisha viongozi watatu waliotia sahihi ile barua walikwenda nyumbani kwa yule mama kuomba msamaha. Hawakumwomba arudi. Walimwomba atusaidie kuandika kanuni ya kumi. Alinyamaza kwa muda, akawaandalia chai, kisha akawaambia waandike. Iko chini ya karatasi ile, kwa wino mweusi: mtu akikosa mazoezi, kiongozi wa sauti yake amtembelee kabla ya Jumapili, na kabla ya kumtembelea asiadhibiwe.

Alirudi mwezi uliofuata. Leo yeye ndiye kiongozi wa alto, na tunashuhudia kwamba hakuna anayefunga mlango kwa wakati kama yeye. Wala hakuna anayetembelea watu kama yeye.

Yubile ni amri

Tunamaliza kwa neno hili la sherehe yetu. Yubile tunayoisoma katika Mambo ya Walawi, mlango wa 25, ilikuwa ya mwaka wa hamsini, nasi tumefika nusu tu ya safari. Lakini kumbukeni kwamba Yubile yenyewe ni kanuni. Mungu hakuwaachia Waisraeli wahurumiane pale mioyo yao itakapopenda. Aliweka mwaka, akaamuru tarumbeta ipigwe, ardhi irudi kwa wenyewe na watumwa wawe huru. Huruma iliandikwa katika sheria ili maskini asiitegemee bahati.

Kwa kufuata mfano huo, kamati imeazimia mambo mawili. Faini zote ambazo hazijalipwa hadi leo zimefutwa. Na kila aliyewahi kuimba nasi akaondoka, kwa sababu yoyote ile, anakaribishwa Jumamosi ijayo. Mkifika tutawasomea kanuni zote kumi, kisha tutaimba.

Mazoezi ni saa tisa. Tafadhali msichelewe.

Mungu awabariki nyote.

Kwa niaba ya wanakwaya wote,
Katibu wa Kwaya