Rufiji na hesabu ya senti themanini

Kila michango ya mgonjwa anayepelekwa India inapopita maofisini kwetu, lazima atokee mtu mmoja wa kuuliza: hivi hizo milioni zingenunua vyandarua vingapi? Akishauliza huzomewa. Mara nyingi anastahili, maana mgonjwa ana jina na sura na watoto, na chandarua hakina. Lakini swali lenyewe si la kipumbavu hata kidogo. Tena kuna wilaya ya hapa hapa Pwani, mwendo wa saa chache tu kutoka Kariakoo, ambayo ililiuliza kwa makini kiasi kwamba wakubwa wa dunia walikuja kujifunza kwake. Ni Rufiji, wakati huo ikiwa bado moja, kabla Kibiti haijakatwa na kuwa wilaya yake.

Twende nyuma kidogo, wadau. Mwaka 1993 Benki ya Dunia ilitoa ripoti yake ya mwaka, safari hiyo ikihusu afya. (Ndiyo, Benki hiyo hiyo iliyokuwa inatufundisha kubana matumizi. Na ni mwaka huo huo wagonjwa wetu walipoanza kuchangia gharama hospitalini.) Ripoti ilisema nchi maskini ikitumia kama dola 12 kwa kila mtu kwa mwaka, na ikichagua zile kinga na tiba zinazookoa maisha mengi kwa bei ndogo, itapunguza karibu theluthi ya mzigo wa magonjwa. Hesabu yao ilikuwa ya miaka. Mtoto wa miaka miwili akifa kwa malaria, amepoteza miaka mingi kuliko mzee wa sabini aliyekufa kwa moyo. Jumlisha miaka yote iliyopotea kwa kila ugonjwa, gawanya na bei ya kuizuia, basi umejua shilingi yako iende wapi.

Kwenye karatasi ni safi. Wakanada, kupitia kituo chao cha utafiti wa maendeleo, IDRC, wakasema hebu tuone kama inafanya kazi mahali penye matope. Wakaungana na Wizara yetu ya Afya, wakachagua wilaya mbili zenye jumla ya watu kama laki saba: Rufiji na Morogoro Vijijini. Mradi ukaitwa TEHIP, na kazi wilayani ikaanza mwaka 1996 na 1997.

Jambo la kwanza lilikuwa kujua watu wanakufa kwa nini. Usicheke. Takwimu zilizokuwapo zilitoka hospitalini, na watu wengi walikuwa wanafia nyumbani. Mtu akifia nyumbani Ikwiriri, Wizara haikuwa na habari naye. Kwa hiyo mwishoni mwa 1998 watafiti wakaanza kupita kaya kwa kaya upande wa Rufiji, mara tatu kwa mwaka, wakiandika nani kazaliwa, nani kahama, nani kafariki. Palipokuwa na kifo, mhojaji alirudi baada ya muda na kukaa na wafiwa, akiuliza dalili moja baada ya nyingine: alikuwa na homa siku ngapi, alikohoa, alipata degedege, mlimpeleka wapi? Daktari akasoma majibu na kuandika sababu ya kifo.

Hapo ndipo bajeti ilipovuliwa nguo. Kwa Morogoro, malaria ilikuwa inakula asilimia 30 ya miaka ya maisha iliyopotea, lakini katika bajeti ya mwaka 1996 ilipewa asilimia 5. Yale magonjwa ya watoto kwa ujumla wake, yaani nimonia, kuhara, utapiamlo, surua na malaria yenyewe, yalibeba asilimia 28 ya mzigo na kupata asilimia 13 ya fedha. Kifua kikuu, chenye chini ya asilimia 4 ya mzigo, kilikuwa kinachukua asilimia 22.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu takwimu hizi hurudiwa kwenye semina kama mzaha juu ya wapangaji wetu, na mimi naona si haki. Ugonjwa unaweza kuonekana mdogo kwa sababu fedha zimeukaba shingo. Ukiondoa fedha za chanjo kwa hoja kwamba watoto wachache wanakufa kwa surua, subiri miaka miwili uone. Kifua kikuu nacho, kwenye miaka ile ya UKIMWI kupamba moto, hakikuwa kitu cha kuachia. Grafu ya mzigo inakuonyesha maiti wa jana. Haikuambii shilingi inayofuata itaokoa nani, na hayo ni maswali mawili tofauti.

Lakini kwa malaria na watoto grafu ilisema kweli, na waganga wa wilaya hawakuhitaji profesa wa kuwatafsiria. Walipewa michoro ambayo hata diwani aliweza kuisoma, kisha wakapewa fedha kidogo za ziada wazipange wenyewe. Wafadhili walikuwa tayari kutoa hadi dola 2 kwa kila mkazi kwa mwaka. Wilaya ziliweza kutumia kama senti 80 tu. Kwenye nchi iliyokuwa ikitumia kama dola 8 kwa kila mtu, hizo ndizo senti zilizopindua mambo. Kilichonunuliwa hakikuwa mashine. Wahudumu wa zahanati walifundishwa kumkagua mtoto mgonjwa mzima mzima, badala ya kumpa klorokwini na kumwambia mama aende. Vyandarua vyenye dawa vikasukumwa. Redio za mawasiliano zikafungwa ili kituo cha mbali kiweze kuita gari. Zahanati zilizochakaa zikakarabatiwa kwa nguvu za wanakijiji.

Matokeo? Rufiji, vifo vya watoto wachanga vilishuka kutoka 100 kwa kila 1,000 mwaka 1999 hadi 72 mwaka 2000. Don de Savigny, Harun Kasale, Conrad Mbuya na Graham Reid, katika kitabu chao cha mwaka 2004, waliandika kwamba vifo vya watoto katika wilaya hizo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40 kwa miaka mitano hivi. Tusiupe mradi mmoja sifa zote: nchi nzima ilikuwa inashuka, kutoka vifo 147 vya walio chini ya miaka mitano kwa kila 1,000 katika utafiti wa 1999 hadi 112 katika ule wa 2004/05. Watafiti wengine walipozilinganisha Rufiji na Morogoro Vijijini na majirani zao Kilombero na Ulanga, tofauti ya vifo ilikuwa asilimia 13, na kitakwimu hata hiyo ingeweza kuwa bahati. Lakini kumhudumia mtoto mmoja kwa mwaka kuligharimu dola 11.19 kwenye wilaya zilizofundisha wahudumu na dola 16.09 kwa majirani. Yaani tiba bora haikuwa ghali zaidi. Hili bado kuna watu wa hazina hawaliamini.

Na kuna jambo moja ambalo daftari za wafiwa zilifichua, nalo linanigusa kuliko asilimia zote. Mjini tulikuwa na hadithi yetu tamu kwamba wanakijiji wanakufa kwa sababu wanakimbilia kwa waganga wa kienyeji. Rufiji ilipochunguza vifo vya malaria vya 1999 hadi 2001, ilikuta karibu wanane kati ya kumi walianza na tiba ya kisasa. Walikwenda, wakafa hivyo hivyo. Dawa haikuwapo, au ilikuwapo na haikufanya kazi. Klorokwini ilikuwa imeshachoka, na serikali iliiondoa mwaka 2001. Piga hesabu ya dawa ya bei poa isiyoponya uniambie ni rahisi kwa nani.

Sasa ndugu zangu, fungueni ramani. Zile kaya zilizokuwa zinapitiwa mara tatu kwa mwaka zilikuwa kwenye kata sita: Bungu, Mchukwi, Kibiti, Ikwiriri, Mgomba na Umwe. Watu kama 85,000, chini ya nusu ya wilaya. Wako kaskazini ya mto, karibu na barabara kuu. Si bahati. Baada ya mafuriko ya 1968 serikali ilihamisha watu wengi kutoka bondeni na kuwapandisha kwenye vijiji vya ujamaa huko juu, kwenye ardhi kavu, ambako ndiko baiskeli ya mhojaji ilikopita.

Delta haimo. Salale, Maparoni, Kiongoroni, Msala, Mbuchi: watu wa mikoko, mpunga na kamba, hawakuwa kwenye daftari lile. Simlaumu mtafiti, kuhesabu kaya kwa boti, kwa kufuata maji kujaa na kupwa, ni ghali mno. Lakini ndiyo hoja yangu yenyewe. Ukipanga kwa kuuliza shilingi ipi inaokoa wengi zaidi, mama mwenye uchungu wa siku mbili kule Kiongoroni anashindwa kabla hajaanza. Chanjo ni ile ile, chandarua ni kile kile. Kinachomfanya awe mteja mbaya ni petroli. Hesabu haikumchukia. Imemwona ni ghali, basi, na isipokuwapo kanuni nyingine juu yake, itamwona ghali mwaka hadi mwaka.

Wapo watakaosema kanuni hiyo ni huruma, na huruma haina bajeti. Mimi nasema ni kupanga kwa mpangilio tofauti: kwanza kubali kwamba kila kata lazima ifikiwe, halafu ndipo uulize ni njia ipi ya kuifikia iliyo rahisi. Boti moja ya wagonjwa, au muuguzi anayekaa kisiwani na kulipwa posho ya kukaa huko? Hilo linahesabika, tena vizuri, na watu waliofundishwa na senti themanini.

Vijiji hivyo vya delta sasa viko chini ya Halmashauri ya Kibiti, yenye bajeti yake na madiwani wake. Ningependa mmoja wao, akipita hapa, atuandikie: petroli ya boti ya wagonjwa kutoka visiwani hadi Nyamisati iko kwenye kifungu gani, na mwaka wa fedha uliopita iliisha mwezi gani?