Tangazo linalomfuata mtu: historia ya kuhesabu wateja, kutoka soko kuu la Bujumbura mpaka Facebook



Mwezi huu tulipanga kuandika historia nyingine kabisa, lakini kuna swali limeingia kwenye kikundi na haliwezi kungoja. Dada zetu wa ushonaji wana ukurasa wa Facebook na wanalipia matangazo kidogo kidogo. Wana pia tovuti ndogo yenye picha za mashati ya kitenge na fomu ya kuomba nafasi ya mafunzo. Mfanyakazi mmoja wa shirika, mtu mwema na tunampenda, amependekeza tuunganishe akaunti ya matangazo na programu ya kuhesabu inayoitwa Google Analytics, halafu tuweke na pikseli ya Facebook, ili ripoti ya wafadhili ionyeshe nani alibonyeza, alitoka wapi na alifanya nini. Wengine wamesema ndiyo hapo hapo. Wengine wamesema hapana, bila kueleza. Jumamosi tunapiga kura, na sisi tunaona afadhali tupige tukijua hii kitu ilitoka wapi.

Tuanzie hapa nyumbani. Mpaka Jumapili ya tarehe 27 Januari 2013 Bujumbura ilikuwa na soko kuu katikati ya mji. Siku hiyo liliungua, na mali ya watu wengi sana ikaisha ndani ya masaa machache. Tunalitaja kwa sababu mama aliyeuza vitenge mle ndani alikuwa na takwimu zake kichwani. Alijua mteja gani huja mwisho wa mwezi, nani hushika kitambaa na kuondoka, nani ameletwa na jirani. Soko lilipoungua, bidhaa ziliungua, na ile hesabu ya kichwani nayo ikapoteza kazi, maana wateja walitawanyika. Wengine walienda Ruvumera, wengine baadaye kwa Siyoni, na wauzaji wakaanza kuwatafuta upya.

Aliyetaka kufikia watu wa mbali alilipia redio. Lakini redio inasema, haisikii. Mwaka 1995 shirika la Search for Common Ground lilianzisha Studio Ijambo hapa Bujumbura, na mchezo wao wa Kirundi, Umubanyi Niwe Muryango, ulioandikwa na Marie-Louise Sibazuri, ulipendwa sana. Lakini ili kujua nani anausikiliza, ilibidi mtu atoke aende kuwauliza watu. Shikeni hapo. Hesabu ya zamani, ya sokoni au ya redioni, ilitoka kwa mtu kumwuliza mtu au kumwona kwa macho, na aliyehesabiwa alijua kwamba anahesabiwa.

Hiyo ndiyo iliyobadilika, na mabadiliko yenyewe yana tarehe. Mwaka 1994 kijana mmoja wa kampuni ya Netscape kule Marekani, Lou Montulli, alitengeneza kuki. Kuki ni maandishi mafupi ambayo tovuti inayaacha ndani ya simu au kompyuta yako, ili ukirudi ikukumbuke. Nia ilikuwa nzuri tu: duka la intaneti likumbuke umeweka nini kwenye kikapu. Mwaka ule ule, tarehe 27 Oktoba, tovuti ya HotWired iliweka matangazo ya kulipiwa yenye picha, moja likiwa la kampuni ya simu ya AT&T. Ukilibonyeza, linakupeleka kwa mwenye tangazo. Bango la bia lililochorwa ukutani halijui nani amelitazama. Hili la 1994 lilijua kwamba limeguswa.

Baadaye zikaja kampuni kama DoubleClick, zilizoweka matangazo kwenye tovuti nyingi kwa wakati mmoja. Kwa kuwa kuki yao ilikuwa kwenye tovuti zote hizo, walimwona mtu yule yule akitoka kwenye gazeti, akaingia dukani, akaenda kwenye ukurasa wa magonjwa. Google walitangaza kuinunua DoubleClick mwaka 2007 kwa dola bilioni 3.1. Mtu halipi pesa hizo kwa ajili ya picha za matangazo. Analipia zile nyayo.

Sasa Google Analytics yenyewe. Ilitokana na kampuni ndogo ya San Diego iliyoitwa Urchin, ambayo Google waliinunua mwaka 2005, na mwezi Novemba mwaka huo wakaanza kutoa huduma hiyo bure. Kampuni ilikufa lakini jina lake liko kwenye simu zenu mpaka leo. Mkiona linki ndefu yenye herufi utm, hiyo u ni ya Urchin. Unaongeza maneno mwisho wa linki: imetoka Facebook, ni tangazo la kulipia, ni kampeni ya mashati ya sikukuu. Mtu akibonyeza, programu inayasoma maneno hayo na kuandika: mgeni mmoja, kutoka Facebook, kwa tangazo hili. Maneno hayo hayamtaji mtu, yanataja njia aliyopitia. Ni kama mwenye duka kuchapa karatasi nyekundu kwa Buyenzi na za kijani kwa Bwiza, halafu kuhesabu zinazorudi. Zile herufi nyingine, fbclid, Facebook huzibandika zenyewe. Hizo ni namba ya mbonyezo wako mwenyewe. Usizichanganye na utm.

Facebook walichukua njia yao. Novemba 2007 walifungua matangazo yao pamoja na kitu kilichoitwa Beacon. Ukinunua kitu kwenye tovuti nyingine, Beacon iliwatangazia marafiki zako. Mwanaume mmoja Marekani alinunua pete ya almasi kwa siri ili amshangaze mke wake Krismasi, na mke akaipata habari kutoka Facebook. (Tulicheka, lakini yeye hakucheka.) Watu walienda mahakamani, Beacon ikafungwa 2009, na kampuni ikakubali kutoa dola milioni 9.5 kumaliza kesi. Sisi tunavyoona, watu walikasirika kwa sababu walionyeshwa waziwazi kwamba wanafuatwa. Kilichokuja baadaye hakionyeshi kitu. Pikseli, ambayo Facebook waliitoa kwa sura yake ya sasa mwaka 2015, ni kodi ndogo tu. Jina limetoka kwa nukta moja ya picha, isiyoonekana, iliyokuwa ikiwekwa kwenye ukurasa. Ukifungua ukurasa, simu yako inawapelekea Facebook habari: amefika, ameangalia shati, amejaza fomu. Mwenye tovuti anaona idadi. Facebook wanaona mtu.

Mtasema haya ni ya Wazungu na pete zao. Hapana, twende Kenya. Kwenye uchaguzi wa 2017, shirika la Privacy International lilionyesha kwamba kampuni ya Texas, Harris Media, ndiyo iliyotengeneza The Real Raila, video na tovuti za kuwatisha watu juu ya Raila Odinga, zikasukumwa kwa matangazo ya kulipia. Mwaka uliofuata, viongozi wa Cambridge Analytica walirekodiwa kwa siri na televisheni ya Channel 4 wakijisifu kwa kazi waliyofanya kwenye kampeni za Uhuru Kenyatta za 2013 na 2017. Hao ndio waliochukua data za watu wa Facebook mpaka milioni 87 kupitia programu ya maswali ya kujipima tabia, na wengi wa hao hawakujibu hata swali moja. Kosa lao lilikuwa kuwa na rafiki aliyejibu.

Mifano miwili tena, halafu tunarudi kwetu. Mwaka 2022 waandishi wa The Markup walichunguza tovuti za hospitali 100 kubwa za Marekani. Hospitali 33 zilikuwa na pikseli inayowapelekea Facebook habari mgonjwa anapobonyeza kuomba miadi na daktari. Pikseli iliwekwa kupima matangazo, kama vile tunavyotaka sisi. Na Januari ya mwaka huo huo, CICR waligundua wezi wa mtandao wameingia kwenye kompyuta zenye majina ya watu zaidi ya 515,000, watu waliopotezana na familia, waliopotea, waliofungwa. Hapa hakukuwa na tangazo hata moja. Lakini kama Msalaba Mwekundu, wenye wataalamu wao, waliingiliwa, fomu ya washonaji italindwa na nani?

Upande wetu wa dunia hatuhitaji kufundishwa orodha inaweza kufanya nini. Wabelgiji walipoleta Rwanda vitambulisho vyenye kabila miaka ya 1930, kwao ilikuwa kazi ya ofisi, kuhesabu na kupanga. Mwaka 1994, kwenye vizuizi vya barabarani, kadi hiyo ndiyo iliyoamua nani apite na nani asipite. Na hapa karibu, Gatumba, usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, watu zaidi ya 150 waliuawa kwenye kambi, wengi wao Banyamulenge. Zilishambuliwa hema zao, na hema za Warundi waliorudi kutoka Kongo zikaachwa. Waliokuja walijua nani analala wapi. Hatusemi Facebook ni Gatumba, mtu asitusome vibaya. Tunasema kwamba fomu yenye jina, simu na kartiye ya mkimbizi si sawa na fomu ya mtu anayenunua viatu London.

Turudi kwenye ripoti, maana wafanyakazi wa mashirika nao wanatusoma. Namba hizi zinapendeza lakini zina uongo wake. Familia nyingi zetu zina simu moja. Watu watano wakiangalia mashati, programu inaandika mmoja. Mwenye simu mbili anakuwa wawili. Mwisho wa Aprili 2015 mitandao ilipofungwa hapa, na tena siku ya uchaguzi, tarehe 20 Mei 2020, watu walitumia VPN. Siku kama hiyo takwimu zinaweza kusema wateja wako wote wamehamia Uholanzi. Halafu Facebook na Google hawakubaliani: kwa kawaida Facebook hujihesabia mtu aliyebonyeza ndani ya siku 7, hata aliyeona tu tangazo jana yake, wakati Google wanahesabu kwa njia yao. Apple mwaka 2021 walianza kumwuliza mwenye iPhone kama anakubali kufuatwa, na Facebook walilalamika kwamba wangepoteza kama dola bilioni 10 kwa mwaka mmoja. Sisi wa Tecno na itel hatukuulizwa.

Kwa hiyo pendekezo letu ni kuunganisha nusu. Kila tangazo liwe na linki yake yenye utm, kwa kila kartiye na kila aina ya nguo. Google Analytics iwekwe kwenye kurasa za mashati tu, na ile sehemu inayounganisha wageni na akaunti zao za Google izimwe. Fomu ya mafunzo ikae peke yake, bila programu yoyote ya kuhesabu, na pikseli tusiiweke kabisa. Orodha ya namba za simu za wanafunzi isipakiwe Facebook kwa sababu yoyote ile. Tangu 2012 wanaruhusu mtangazaji kupakia namba ili wawatafute wenye namba hizo, na kuna siku mtu atakuja na wazo hilo kwa moyo mzuri. Akaunti iwe ya kikundi, kwa barua pepe ya kikundi. Mtu wa shirika apewe ruhusa ya kutazama tu, maana mikataba inaisha na watu wanaondoka. Na ukibonyeza "ruhusu" ili programu nyingine ichote namba kutoka akaunti ya matangazo, umeipa ufunguo, na ufunguo huo unaweza kuendelea kufanya kazi mpaka mtu aingie aufute. Kila miezi mitatu wawili wetu waangalie nani bado anao.

Na mezani pale pa kuuzia kuwe na daftari. Mteja anaulizwa: umetusikia wapi? Anajibu, inaandikwa, bila jina.

Kuna dada mmoja wa ushonaji amesoma rasimu hii akatupinga, na hoja yake ni ya kweli. Anasema bila pikseli Facebook haitajua ni watu gani hununua, itaonyesha tangazo kwa yeyote, na faranga zitakazopotea ni za mfuko wao, si za wafadhili. Hatuna jibu la kumrudishia pesa hizo. Tumemwomba aseme mwenyewe Jumamosi kabla ya kura.

Tunaanza saa tisa, pale pale pa siku zote. Walio kambini watume kura kwa ujumbe wa sauti au wa maandishi kwa kiongozi wa kambi yao kabla ya Ijumaa jioni. Asiye na mega atume kwa SMS, inahesabiwa sawa.