Habari ya Ugeni Katika Miinuko ya Dundori

Njia ipandayo kutoka Lanet kwenda Ol Kalou hupita Dundori, mahali pa baridi na ukungu katika ukingo wa mashariki wa Bonde la Ufa, na msafiri asimamaye hapo siku ya mbingu safi huliona chini yake Ziwa Nakuru, na shimo kubwa la Menengai, na ng'ambo kabisa weusi wa misitu ya Mau. Na kandokando ya njia huona viazi, karoti na njegere zilizopandwa hadi ukingoni mwa msitu, na watu wazilimao kwa ustadi wa mtu aliyeizoea ardhi yake tangu utotoni. Asiyeijua tarehe ya nchi hii atadhani kwamba watu hao wamekuwapo hapo tangu zama za kale, wala si kweli. Wala hapana kaumu yoyote, katika zile zilizopata kuishi juu ya miinuko hii, iwezayo kudai kwamba haikumkuta mwingine au haikufuatwa na mwingine. Siku hizi tukizungumza habari za chuki juu ya wageni aghalabu tunataja Ulaya, au Afrika Kusini, ambako mwezi wa Mei 2008 wahamiaji kutoka Msumbiji, Zimbabwe na kwingineko walipigwa, wakafukuzwa na wengine wakauawa. Lakini miezi minne kabla ya hapo Nakuru nayo ilikuwa imekwisha kuwaka moto, na aliyefukuzwa huku kwetu hakuwa amevuka mpaka wa dola yoyote. Kwa hiyo naona kadhia hii yataka kutazamwa kwa tarehe ya mahali pamoja, na dai langu ni hili: katika nchi hii ugeni haukupata kupimwa kwa siku ya mtu kufika, bali kwa unyonge wake.

Tuanze na wale walionyamaza. Pale Hyrax Hill, nje kidogo ya mji wa Nakuru, ambako Mary Leakey alichimba mwaka 1937, na huko Lanet pia, yako mabonde madogo ya duara yaliyochimbwa katika miteremko ya vilima, ambayo wataalamu wanasema yalikuwa mazizi ya ng'ombe ya watu waitwao Wasirikwa. Na watu hao hawapo tena kwa jina hilo, kwa kuwa wengine walikimbia na wengine wakaingia katika koo za waliokuja baada yao. Baada yao Wamasai walitawala malisho ya bonde, nao pia wakapigana wenyewe kwa wenyewe, na masimulizi yao yanasema kwamba Wapurko na wenzao waliwashinda Walaikipia katika karne ya kumi na tisa, wakawasukumiza mashujaa wao katika genge la Menengai. Vita hivyo vilikuwa vya ukatili na sitaki kuvipamba. Hata hivyo Walaikipia waliosalimika walipokewa katika koo za washindi wao, na watoto wao wakakua wakiwa Wamasai kama wengine. Kadhalika maradhi ya ng'ombe na njaa zilipowaangamiza Wamasai katika miaka ya 1890, wengi wao walikimbilia kwa Wakikuyu na kupata hifadhi, ingawa jana yake walikuwa wakinyang'anyana mifugo. Mgeni aliweza kuwa adui, na aliweza kuwa mkwe. Lakini hapakuwa na daftari la kumfanya awe mgeni milele.

Daftari lilikuja na reli, iliyofika Nakuru mwaka 1900. Mwaka 1904 Sir Donald Stewart, Kamishna wa Himaya ya Afrika ya Mashariki, alifanya mapatano na Lenana na wazee wengine wa Kimasai, na kwa mapatano hayo malisho ya Naivasha na Nakuru yakatwaliwa ili wapewe walowezi wa Kizungu, nao Wamasai wakagawanywa, wengine Laikipia na wengine kusini ya reli, kwa ahadi kwamba makao hayo yatakuwa yao muda wote watakapokuwapo Wamasai ulimwenguni. Ahadi hiyo ilidumu miaka saba, kwani mwaka 1911 yaliletwa mapatano mengine ya kuwatoa Laikipia nako. Mwaka 1913 Ole Njogo na wenzake waliishtaki serikali, wakidai kwamba mapatano ya 1904 yamevunjwa. Na mahakama ikaikataa daawa yao pasipo kuipima haki yenyewe, kwa hoja kwamba mapatano yale yalikuwa mkataba baina ya dola ya Kiingereza na taifa la kigeni, na kwamba mkataba wa namna hiyo hauamuliwi na mahakama za nchi. Msomaji na atue hapa kidogo, maana sijui hukumu nyingine iliyoieleza dhulma ya zama zile kwa uwazi zaidi. Mwenye ng'ombe, na malisho, na makaburi ya babu zake, aliambiwa kortini kuwa yeye ndiye mgeni mbele ya sharia, na aliyeshuka melini miaka michache tu kabla ya hapo akawa ndiye mwenyeji ambaye korti iliwekwa kwa ajili yake.

Na hao walowezi hawakukawia kuufunga mlango waliokuwa wameupitia wenyewe. Mwaka 1903, Joseph Chamberlain alipotoa shauri la kuwapa Mayahudi waliokuwa wakionewa Urusi makao katika uwanda wa Uasin Gishu, Lord Delamere, ambaye wakati huo ndiyo kwanza anatafuta ardhi yake mwenyewe huko Njoro, alikuwa mstari wa mbele kulipinga, na ikaundwa kamati Nairobi ya kuzuia uhamiaji huo; shauri likafa mwaka 1905 Wazayuni wenyewe walipolikataa. Mwaka 1908 Lord Elgin, Waziri wa Makoloni, aliithibitisha kanuni ya kutowapa Wahindi mashamba katika nyanda za juu, ingawa reli iliyoziwezesha nyanda hizo kuuza hata gunia moja la nafaka ilijengwa kwa mikono yao. Mwaka huo huo wa 1908 Makaburu wa msafara wa van Rensburg waliteremka garimoshini Nakuru, wakafunga magari yao ya ng'ombe, wakapanda kwenda Uasin Gishu, na mlango haukufungwa mbele yao.

Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Katika mashamba ya Wazungu yaliyotanda kuanzia Dundori hadi Ol Kalou kwa upande mmoja na Bahati kwa upande mwingine, jembe lilitolewa siku ya kwanza, tena lilitolewa na mgeni. Wakikuyu wengi, hasa wa Kiambu waliokuwa wamepokonywa ardhi, walihamia bondeni pamoja na mbuzi na jamaa zao, wakaruhusiwa kulima kipande cha shamba na kulisha mifugo kwa malipo ya kazi, na hao ndio walioitwa maskwota. Sharia ya 1918 iliwalazimisha kumfanyia mwenye shamba kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka, na ikawakatalia daraja ya upangaji, yaani mtu aliweza kuzaliwa shambani, akaoa shambani, akazika wazazi wake shambani, asiwe na haki yoyote ya kukaa hapo mkataba ukiisha. Shingoni alivaa kipande: karatasi iliyokunjwa ndani ya kibweta cha madini, imeandikwa jina lake, kabila lake, alama za vidole vyake, mshahara wake na jina la bwana wake, na bwana asipotia sahihi ya kumwachilia hakuweza kwenda kutafuta kazi kwingine. Katika miaka ya 1920 mifugo ya maskwota ilipozidi kuwatia walowezi hofu, kwa sababu ya maradhi na kwa sababu mwenye ng'ombe wake hana haja kubwa ya mshahara, ukaja ule ufyekaji ambao watu wenyewe waliuita kifagio, na jamaa waliokuwa na zizi lililojaa wakabaki na mbuzi wa kuhesabika. Sharia ya 1937 ikazipa halmashauri za walowezi uwezo wa kuongeza siku za kazi na kupunguza mifugo zaidi. Wake na watoto, wakati huohuo, walikuwa wakichuma pareto kwenye baridi ya alfajiri, maua yaliyoitajirisha nchi.

Maskwota waliofukuzwa sehemu nyingine walipopelekwa Olenguruone mwaka 1941 walidhani wamepewa milki ya kufidia ardhi yao ya Kiambu, serikali ikawaambia kuwa ni wapangaji tu; wakala kiapo cha kutotii, na kufikia 1950 walikuwa wamekwisha kufukuzwa, wengine wakapelekwa Yatta. Ilipotangazwa hali ya hatari mwezi wa Oktoba 1952, Wakikuyu wapatao laki moja walitolewa Bonde la Ufa katika muda wa mwaka mmoja hivi, kwa malori na garimoshi, wakarudishwa katika wilaya ambazo wengi wa vijana wao hawakupata kuziona, wakiambiwa kwamba huko ndiko kwao.

Tarehe 12 Agosti 1963, Jomo Kenyatta aliwahutubia wakulima wa Kizungu mjini Nakuru, akawasihi wabaki, akawaahidi kwamba yaliyopita yatasamehewa. Ilikuwa hotuba ya busara, na sina la kuilaumu kwa upande wa msamaha. Lakini skwota hakusihiwa na mtu. Yeye alitakiwa ainunue ardhi aliyoilima maisha yake yote, kwa mkopo wa mpango wa ekari milioni moja, uliogharimiwa kwa fedha za Uingereza na Benki ya Dunia, au kwa hisa za makampuni ya kununua ardhi, kama ile ya Ngwataniro ya Kihika Kimani, ambayo maelfu ya watu wa Nakuru waliyachangia akiba zao. Waliohamia wakati huo walikuwa na risiti mkononi, wakaamini kwamba risiti imeumaliza ugeni. Wamasai na Wakalenjin, kwa upande wao, walitazama malisho ya babu zao yakiuzwa na watu ambao hawakuyanunua kwao, na malalamiko yao yalikuwa na asili ya haki. Kosa lililofanyika baadaye ni kumdai jirani deni la serikali.

Siasa za vyama vingi ziliporudi, mikutano ya mwaka 1991 iliyofanyika Kapsabet na Kericho ilihubiri majimbo kwa maana ya kufukuza, na neno madoadoa likapewa watu wazima waliokuwa na mashamba, mifugo na watoto shuleni. Mapigano yalianza Oktoba mwaka huo, yakafika Molo na Olenguruone; yakarudi Njoro Januari 1998, na Tume ya Akiwumi ikaundwa kuyachunguza. Kisha likaja janga la baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ambalo Tume ya Waki ilihesabu kuwa liliua watu 1,133. Naona ni wajibu kukiri jambo ambalo wengi wa upande wa Dundori hawapendi kulisema: Januari 2008, Nakuru na Naivasha, vijana wa jamaa iliyokuwa imefukuzwa mara tatu wao nao waligeuka wafukuzaji, na pale Naivasha watu 19, watoto wakiwamo, walichomwa moto ndani ya nyumba moja. Mjaluo mfanyakazi wa mashamba ya maua akaambiwa arudi kwao kwa maneno yale yale ambayo babu wa aliyeyasema aliambiwa mwaka 1952. Uwanja wa maonyesho wa Nakuru ukajaa mahema, na baadhi ya waliofukuzwa wakaishia ng'ambo ya mlima, kambini Mawingu, wilaya ya Nyandarua, ambako walikaa kwa miaka.

Katiba ya 2010, ibara ya 39, inasema kwamba kila raia ana haki ya kuingia, kukaa na kuishi popote Kenya. Haya ni maandishi mazuri kabisa, na wapo watu walioyapigania kwa gharama kubwa. Ila katika mashamba ya yale makampuni ya hisa jamaa nyingi zilingoja hati miliki kwa miongo mingi, babu akafa na cheti chake cha hisa, baba akakirithi, na mjukuu akalima pasipo karatasi iwezayo kusimama kortini. Na siasa zinapochafuka, mtu wa namna hiyo ndiye wa kwanza kuulizwa na watu waliokuja baada ya babu yake: kwenu ni wapi?