Jinsi ya kuunganisha mtambo wa DVD na kutambua hitilafu zake

Katika nyumba nyingi, mtambo wa kuchezea DVD umesalia kando ya runinga ukila vumbi, ilhali picha za harusi ya kifungua mimba au za mazishi ya babu zimo ndani ya santuri tu, na aghalabu hazina nakala. Siku mtambo unapogoma, mwenyewe hudhani kila kitu kimepotea. Mara nyingi kosa huwa dogo.

Kwanza ni nyaya. Tundu la manjano hupitisha picha, jeupe sauti ya kushoto na jekundu sauti ya kulia. Unganisha kila waya na tundu la rangi yake kabla ya kuchomeka plagi kwenye soketi ya umeme. Kisha chukua rimoti ya runinga, wala si ya mtambo, uchague AV. Hatua hii ndiyo husahaulika zaidi; runinga hubaki nyeusi au buluu hali mtambo unacheza barabara. Wenye tundu la HDMI hawana haja na rangi hizo, kwani waya mmoja hubeba picha na sauti.

Usipitishe nyaya kwenye mashine ya zamani ya kanda za video ili kufika kwenye runinga. Filamu nyingi za madukani zina kinga dhidi ya kunakiliwa, na picha itafifia na kung'aa kwa zamu. Nyaya zikiunganishwa moja kwa moja, tatizo hilo huisha.

Picha ikikosa rangi au ikipanda na kushuka, fungua menyu ya mtambo utazame mfumo wa rangi. Runinga za Kenya zilizoea PAL, za Marekani NTSC. Chagua "Auto" au "Multi".

Jamaa walio ng'ambo nao hutuma zawadi zenye mitego. Watengenezaji wa filamu waliigawa dunia katika kanda: Marekani ni ya 1, Uingereza ya 2, nayo Kenya ya 5. Santuri ya kanda moja hukataliwa na mtambo wa kanda nyingine, hata ikiwa mpya. Mtambo wenyewe ukitoka Marekani, soma maandishi ya nyuma kwanza. Ikiwa umeandikwa volti 120 pekee, umeme wetu wa volti 240 utauunguza kabla hujaona hata jina la filamu.

Santuri ikikwama katikati, ishike kwa kingo, uioshe kwa maji na sabuni isiyo kali, kisha uipanguse kwa kitambaa laini cha pamba kutoka katikati kuelekea ukingoni. Usizungushe mkono. Data imepangwa kwa mzunguko, na mkwaruzo unaofuata mzunguko huo hudhuru zaidi ya ule unaoukata.

Mtambo ukicheza CD za muziki lakini ukatae DVD zote, usilaumu santuri. CD husomwa kwa mwale wa leza wa nanomita 780 na DVD kwa wa nanomita 650. Huenda huo wa pili umechoka, au lenzi ina uchafu. Mpelekee fundi, na usichungulie ndani mtambo ukiwa na umeme.

Santuri ya harusi inayocheza tu kwenye mashine iliyoirekodi ina kasoro tofauti: haikufungwa baada ya kurekodiwa. Irudishe kwenye mashine hiyo ifungwe, nayo itasomeka kwingineko.

Hata hivyo, santuri za aina hii hurekodiwa juu ya rangi ya kemikali inayochakaa kwa jua na joto, kwa hivyo dirishani si mahali pake. Zinakili kwenye kompyuta mapema, na uanze na ile ambayo imeanza kukwama.