Mwembe wa Ujiji na Amana Iliyoliwa

Ndugu msomaji, ukipanda treni ya reli ya kati kutoka Dar es Salaam ukaenda nayo hata mwisho wa njia, utashuka Kigoma, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Stesheni utakayoshukia ni jengo la Wajerumani, nao ndio walioifikisha reli pale mwaka 1914. Litazame, kisha usikawie. Tafuta gari ikupeleke kusini, kilomita chache tu, nawe utadhani umerudi kwenu. Utaona nyumba zenye baraza, wazee wenye kofia wameketi nje, wanawake wamejitanda kanga, na wakati wa sala ukiingia utasikia adhana huku na huku. Hapo ndipo Ujiji. Kutoka pwani ni zaidi ya kilomita elfu moja. Burton na Speke waliondoka pwani mwezi wa Juni 1857, wasifike Ujiji ila Februari 1858, nao walipofika waliwakuta watu wetu wamekwisha tangulia.

Sasa mgeni akifika na kuuliza kuna nini cha kutazama, jawabu ni moja: mwembe. Atapelekwa kwenye kiwanja kizuri chenye mnara wa mawe, aambiwe hapa ndipo Stanley alipomkuta Livingstone mwezi wa Novemba 1871, chini ya mwembe. Mwembe ule wa asili ulikwisha kufa. Iliyopo leo husemwa imetokana nao. Pana na nyumba ya makumbusho, na ndani yake masanamu ya watu wale wawili wakiamkiana. Mwenye kupenda masanamu na ayatazame. Mimi nilitoka nje upesi nikakaa kivulini.

Sina ugomvi na mnara ule. Mkutano ulitokea, na kukumbuka lililotokea si kosa. Lakini nilipokaa kivulini pale nilijiuliza: mji mzima huu, wenye soko, misikiti, vyombo na watu waliotoka pande zote za ziwa, vipi umekuwa ni mahali pa wageni wawili kushikana mikono? Susi, mtumishi wa Livingstone, ndiye aliyekuja mbio kumpa habari kwamba Mzungu anakuja. Naye pamoja na Chuma na wenzao ndio walioibeba maiti ya bwana wao mpaka Bagamoyo mwaka 1874. Kazi ya miguu ilikuwa yao, na jina la mahali likawa la wengine.

Pana kisa kimoja cha Ujiji ambacho hakikuandikwa katika mnara, nami nataka ukisikie, maana ni chetu zaidi kuliko cha Stanley. Tarehe 23 Oktoba 1871 Livingstone aliingia Ujiji akitoka Manyema, mgonjwa, miguu imemchakaa, amebaki mifupa. Tegemeo lake lilikuwa mali aliyoletewa kutoka Unguja, nguo na shanga, ambazo ndizo zilizokuwa fedha za nchi ile. Mali hiyo alikabidhiwa mtu aliyekuwa akiitwa Sharifu. Livingstone alipofika hakukuta hata kipande cha nguo. Sharifu alikuwa amekwisha kuiuza kwa rafiki zake kwa bei ya bure, na hoja yake ni kwamba alipiga ramli kwa Msahafu, ramli ikamwambia mwenye mali amekufa!

Msomaji, hebu ipime hoja hiyo. Ramli yenyewe ni haramu, tena ipigwe kwa Kitabu cha Mwenyezi Mungu, tena ili iliwe amana ya mgonjwa aliye safarini. Kisha mtu huyo, ndivyo alivyoandika Livingstone, alikuja bila haya kumpa mkono.

Lakini katika mji uleule alikuwako Said bin Majid. Yeye alisema mbele ya watu kwamba mali irudishwe. Hawakumsikiliza. Ndipo alipomwendea Livingstone wakiwa peke yao, akamwambia kwamba yeye nguo hana, ila ana pembe za ndovu. Akamwomba amruhusu auze baadhi yake ampe thamani yake. Livingstone alishukuru, akasema bado, labda baadaye. Siku chache baada ya hapo Stanley akaingia na bendera yake, na dunia ikasahau habari ya zile pembe.

Najua wako watakaosema kwamba haya yameandikwa na Mzungu, na Mzungu ana yake. Ni kweli kalamu ni yake. Ila kalamu iliyomlaumu Sharifu ndiyo hiyohiyo iliyomsifu Said bin Majid. Hatuwezi kuipokea inapotusifu na kuikataa inapotulaumu.

Na hapa sina budi kusema jambo zito. Kilichowapeleka wazee wetu Ujiji kilikuwa biashara, na biashara hiyo ilikuwa pembe na watu. Miezi mitatu kabla ya kisa hiki, tarehe 15 Julai 1871, ng'ambo ya ziwa huko Nyangwe, watu wa wafanya biashara waliotoka kwetu waliwapiga risasi wanawake na wanaume waliokuja sokoni, wakafa mamia kwa risasi na kwa kuzama mtoni. Wengi waliovushwa ziwa wakashushwa pwani ya Ujiji walifungwa minyororo. Sayyid Barghash alipiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari mwaka 1873 kwa kulazimishwa na Waingereza, na katika Tanganyika utumwa wenyewe haukufutwa kisheria mpaka mwaka 1922. Katika nyumba zetu za pwani tunapenda kusimulia kwamba babu alikwenda bara na misafara. Alikwenda kufanya nini, hapo hadithi hukatika. Nasi tumeamrishwa kutoa ushahidi wa haki hata ukiwa juu ya nafsi zetu na wazazi wetu.

Pamoja na hayo si kila aliyekwenda alikuwa Sharifu. Mwinyi Kheri, mtu wa Mrima, alikaa Ujiji miaka mingi, akaoa kwa wakubwa wa nchi ile, akawa ndiye mkubwa wa Waswahili na Waarabu pale, na katika miaka ya mwanzo ya 1880 akaipandisha bendera ya Sayyid Barghash. Alikufa mwaka 1885. Yeye naye alikuwa mfanya biashara kama wenzake, sitamfanya walii. Baada yake alitamba Muhammad bin Khalfan, mtu wa Lindi, aliyeitwa Rumaliza, na jina hilo halihitaji tafsiri.

Ajabu ya Mola ni hii: watu wa Manyema, ambao nchi yao iliteketezwa, wengine walikaa Ujiji, wakasilimu, Kiswahili kikawa lugha yao, wakajenga misikiti wakasomesha watoto. Kisha wakateremka pwani. Ukipita Kariakoo, Dar es Salaam, utaukuta Msikiti wa Manyema. Wangapi kati yetu wamesali humo wasijiulize jina hilo limetoka wapi?

Basi ukifika Ujiji, uone mwembe kisha uteremke ziwani. Utaona kwamba maji yako mbali kidogo na mnara. Katika miaka ile ya Livingstone yalikuwa juu zaidi, kwa sababu Mto Lukuga, upande wa magharibi, ambao ndio mlango wa ziwa, ulikuwa umezibwa. Ulipofunguka mwaka 1878 maji yalishuka sana, na bandari ya Ujiji ikapwelewa. Wajerumani walipotaka bandari ya reli yao wakachagua ghuba ya Kigoma, na Ujiji ikabaki nyuma na wazee wake. Baada ya mwaka 2020 maji yamepanda tena, yakaziingilia nyumba nyingi za ufukweni pande zote za ziwa.

Pale ufukweni ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko mahali pengine pote. Mafundi wanaunda vyombo vya mbao kwa mkono, mchangani, chini ya jua: mkuku umelazwa, mataruma yamesimama kama mbavu za samaki, mmoja anatia kalafati na mwingine anapasua ubao. Tanga lilikwenda huko na watu wetu, na ziwa lina kina cha mita 1,470, si maji ya kuchezea. Nilimwuliza fundi mmoja mzee kazi hii kajifunza wapi. Akasema kwa baba yake. Na baba yake je? Akanyosha mkono, nikadhani ataonyesha mashariki, kwetu. Alionyesha ng'ambo ya ziwa.